UZI: Mtumishi uliyechoka, kabla hujaiacha huduma rudisha kwanza mizigo isiyo yako

Mwinjilisti Mstaafu (Bagamoyo)

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Ndugu zangu Wakatoliki, Tumsifu Yesu Kristo.

Uzi huu nawaandikia watumishi waliochoka. Simaanishi uchovu wa Jumapili jioni ambao usingizi unaumaliza. Namaanisha ule wa kusikia simu inaita, ukaona jina la mzee wa kanisa, ukatamani isingeita. Unafungua Biblia kutafuta mahubiri tu. Unamwombea mgonjwa huku akili iko kwenye deni la mabati. Watumishi wa hali hiyo wapo wengi hapa Bagamoyo, wa madhehebu yote, na hawamwambii mtu kwa sababu wanaogopa kuambiwa wamerudi nyuma kiroho.

Msimamo wangu nautoa mapema ili asiyekubaliana ajiandae. Watumishi wengi hawajachoshwa na wito wao. Wamechoshwa na mizigo ambayo hakuna aliyewaita kuibeba. Ari hairudi kwa kuhudhuria semina nyingine, wala kwa kujifungisha siku nyingi ukiwa tayari huna nguvu. Inarudi ukiitua mizigo ile, kisha nafasi uliyoipata ukaitumia kumrudia mtu mmoja mmoja, kazi iliyokuvuta tangu mwanzo.

Someni tena 1 Wafalme 19. Tunapenda kuhubiri ile sauti ndogo ya utulivu, yaliyotangulia tunayaruka. Mstari wa 3 unasema Eliya alipofika Beer-sheba alimwacha mtumishi wake huko, akaingia jangwani peke yake mwendo wa siku moja. Ndipo akaketi chini ya mretemu akaomba afe. Alianza kwa kumwacha mwenzake, na hilo la kufa likafuata. Mungu naye hakumjibu kwa kemeo. Alimtuma malaika na mkate na maji. Eliya akala, akalala, akaamshwa, akala tena. Maswali yalikuja baadaye kabisa, Horebu, baada ya siku 40 za mwendo. Huko Eliya alisema mara mbili kwamba amesalia yeye peke yake, na Mungu akampa jina la Elisha, kisha akamwambia kwamba wapo watu 7,000 Israeli ambao hawajampigia Baali goti. Chakula, usingizi, na mtu wa kushika naye kazi. Hiyo ndiyo dawa aliyopewa nabii aliyeshusha moto Karmeli.

Musa naye katika Hesabu 11 alimwambia Mungu wazi kwamba watu hawa ni mzigo mzito kumshinda, na kama mambo yatakuwa hivi basi afadhali auawe. Mungu hakusema "ongeza imani". Alisema nikusanyie wazee 70. Na wawili kati yao, Eldadi na Medadi, walipotabiri kambini badala ya kwenda hemani, Yoshua alitaka wakatazwe, lakini Musa akakataa. Hapo ndipo wengi wetu tunapokwama. Tunagawa kazi, mwenzetu akiifanya kwa namna yake tunamnyang'anya, kisha tunalalamika kwamba hatuna wasaidizi.

Sasa nije nyumbani. Mgeni akifika misheni ya Wakatoliki hapa kwetu huonyeshwa mnara wa kanisa la zamani ambako mwili wa mmisionari David Livingstone ulilazwa Februari 1874. Simulizi huwa ni ya mtu mkuu aliyetembea Afrika. Vijana ninaowapeleka pale huwaambia wawatazame waliombeba. Livingstone alikufa Mei 1, 1873, kijijini kwa Chitambo, Zambia ya leo. Susi, Chuma, Jacob Wainwright, mpishi wao Halima na wapagazi wengine walizika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili juani, wakaubeba kwa miezi kama tisa hadi pwani hii. Wapo waliofia njiani. Kutoka hapa ukavushwa Zanzibar, na Aprili 18, 1874 ukazikwa Westminster Abbey, London. Yule ambaye dunia nzima ilimjua kwa kutembea peke yake, mwisho alibebwa na kundi.

Liko na jingine lisilosimuliwa sana. Mwaka 1848 Livingstone alimbatiza Sechele, chifu wa Wakwena, Botswana ya leo. Miezi michache baadaye Sechele alirudiana na mmoja wa wake aliokuwa amewaacha, Livingstone akamzuia Meza ya Bwana, na baada ya muda akaelekea kaskazini. Ukimuuliza mtumishi aliyechoka, atakwambia kazi hiyo iliharibika. Lakini Sechele aliendelea kusoma Biblia, akawafundisha watu wake, akahubiri miaka mingi. Mtu aliyehesabiwa ameanguka ndiye aliyeieneza Injili kwao. Jambo hili hunitia nguvu kuliko hadithi zote za safari zake, kwa maana mtumishi huchoka haraka anapodhani anayaona matunda yote ya kazi yake.

Mtumishi aliyefika kwangu na barua ya kujiuzulu mfukoni humwambia achukue daftari, aandike kila alichofanya kwa juma zima. Kila kitu: kikao cha ujenzi, kufuatilia bahasha za ahadi, kusuluhisha ndoa, kutafuta usafiri wa kwaya, kujibu ujumbe wa makundi ya wasapu saa tano usiku, kupeleka taarifa usharikani, kusimamia matanga. Kisha tunapita mstari kwa mstari tukiulizana: hili nani alikuagiza? Mara nyingi tukimaliza, kuhubiri, kufundisha na kutembelea wagonjwa vimechukua sehemu ndogo sana ya juma. Kilichobaki ni kazi za watu wengine ambazo zilimwangukia kwa sababu yeye yuko karibu na hakatai.

Ujenzi na fedha nivitaje peke yake. Harambee moja ikiisha nyingine inaanza: msingi, kuta, mabati, sakafu, vyombo vya muziki. Mhubiri anakuwa mkusanyaji, waumini wakimwona mlangoni wanajua amefuata ahadi. Hapo hata akienda kumtembelea mtu kwa upendo, yule mtu anatafuta bahasha. Ninasema kwa uchungu: mtumishi wa Neno atoke kwenye kamati ya fedha. Matendo 6 imelisema hili wazi. Mitume hawakudharau kazi ya kuhudumu mezani, waliitafutia watu saba walioshuhudiwa kuwa wema, wao wakadumu katika kuomba na kulihudumia Neno.

Kupumzika pia tunakuonea aibu bila sababu. Wavuvi wa dagaa wanaovua kwa taa hawahangaiki na bahari mbalamwezi inapokuwa pevu. Wanabaki pwani wanashona nyavu, na hakuna anayewaita wavivu. Yesu mwenyewe, mitume waliporudi kutoka kazini hata nafasi ya kula hawana, aliwaambia: "Njoni ninyi peke yenu kwa faragha, mahali pasipokuwa na watu, mkapumzike kidogo." Marko 6:31.

Ukishapata nafasi, usiijaze mradi mpya. Nenda kwa bibi mmoja asiyeweza tena kufika kanisani, kule Kaole au Nianjema, msomee zaburi, kaa kitako, sikiliza habari za wajukuu. Usipige picha ya kuweka kwenye kundi. Mfundishe kijana mmoja kusoma Injili ya Marko kuanzia mwanzo hadi mwisho. Nimewaona watumishi wakirudi kwenye hali yao kwa njia hii, taratibu.

Na tafuteni rafiki ambaye si kondoo wako. Hapa kwetu majirani wengi ni Waislamu, tunazikana na kupelekeana futari. Rafiki yangu wa barazani ni mzee wa msikitini. Hajawahi kunidai mahubiri, na siku nikiwa kimya ananiuliza kama nimekula. Mtumishi anahitaji mtu wa namna hiyo.

Karibuni tujadiliane.

---

Kijana wa Kwaya

Shikamoo baba mwinjilisti. Umenigusa sana. Mimi ni mwalimu wa kwaya, nafundisha shule ya Jumapili, na ni katibu wa vijana wa mtaa wetu. Mchana niko kwenye bodaboda natafuta riziki. Ugumu wangu ni huu: kila nikisema naachia kimoja, naambiwa "ukiachia kitakufa, wewe ndiye Mungu amekuweka". Nikiwaangalia watoto wale wa shule ya Jumapili roho inaniuma kuwaacha. Lakini kusema kweli siku hizi naingia kanisani kama naingia zamu.

---

Mwinjilisti Mstaafu (Bagamoyo)

Marahaba mwanangu. Katika hayo matatu, ni kipi ungekifanya hata kama hakuna anayekuona wala kukushukuru?

---

Kijana wa Kwaya

Watoto.

---

Mwinjilisti Mstaafu (Bagamoyo)

Basi ukatibu ndio uanze kutoka mikononi mwako. Kwaya tutaizungumza. Na hilo neno la "kitakufa" lisikutishe. Kazi inayokufa mtu mmoja akipumzika ilikuwa inahitaji watu wengine tangu zamani, na kanisa lilipaswa kuliona.

---

Katekista wa Kigango

Tumsifu Yesu Kristo. Nashukuru kwa uzi huu, na kwa kututaja sisi wa misheni.

Naongeza la makaburi. Ukitoka kanisani pale misheni ukaenda kwenye makaburi ya wamisionari, soma umri wao. Wengi walikuwa vijana, homa iliwamaliza hata Kiswahili hakijawakaa vizuri. Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walianza Bagamoyo mwaka 1868. Mwaka uliofuata kipindupindu kikaipiga pwani. Aprili 1872 kimbunga kikabomoa majengo waliyokuwa wamejenga kwa taabu. Wakajenga upya. Mwaka 1877 wakaenda kuanzisha Mhonda, bara, na hawakwenda mapadre peke yao: walikwenda na familia za Wakristo waliokombolewa utumwani waliolelewa hapa. Watu wale, ambao majina ya wengi wao hatuyajui, ndio waliolima, waliojenga, na kufundisha sala kwa lugha ambayo wenyeji waliielewa. Mzungu angekufa au kurudi kwao, wao walibaki.

Huwa nakwenda pale nikiwa nimelemewa, naomba rozari yangu, natoka. Sisi makatekista tunajua kulemewa. Padri ana vigango vingi, anakuja kwetu kwa zamu. Kati ya zamu na zamu msiba ni wetu, mafundisho ya komunyo ni yetu, ugomvi wa mali ya marehemu tunaletewa sisi. Kilichotuokoa kigangoni kwetu ni jumuiya ndogondogo kufanya kazi yake kweli. Maaskofu wa Afrika Mashariki walizihimiza tangu miaka ya 1970, lakini sehemu nyingi zimebaki kuwa za kusali rozari na kukusanya michango. Kwetu tuliamua mgonjwa anatembelewa kwanza na jumuiya yake, katekista anaitwa ikibidi, padri anaitwa kwa sakramenti. Mwanzo watu walinuna wakidhani nimewadharau. Sasa mgonjwa anapata wageni wengi kuliko zamani, na mimi nikifika nafika nina moyo wa kukaa.

---

Mlinzi wa Lango

Shalom watumishi. Naomba nitofautiane kwa upendo. Naona tunaelekea kuhalalisha uzembe. Mtume Paulo alipigwa, alivunjikiwa na jahazi, alikesha, alifunga, na hakuomba likizo. Isaya 40 inasema wao wamngojeao Bwana watapata nguvu mpya, watapiga mbio wala hawatachoka. Mtumishi akichoka ni dalili kwamba madhabahu yake ya maombi imepoa. Dawa ni magoti. Tukianza kuhesabu majukumu kwenye daftari kama watu wa ofisini, tutaua roho ya kujitoa. Wazee wetu walitembea kwa miguu kutoka kijiji hadi kijiji, leo mtu ana pikipiki na simu analalamika!

---

Mwinjilisti Mstaafu (Bagamoyo)

Ndugu yangu, asante kwa kusema bila kuzunguka. Kwamba maombi yakipoa mtumishi hukauka, nakubaliana nawe kabisa, na asiyeomba hata ukimpunguzia kazi zote hatapona.

Ila Paulo tumsome mzima. Katika 2 Wakorintho 1:8 anawaambia Wakorintho kwamba huko Asia walilemewa kupita nguvu zao hata wakakata tamaa ya kuishi. Hakuficha. Na mtazame jinsi alivyotembea: Barnaba, Sila, Timotheo, Luka, Prisila na Akila. Sura ya mwisho ya Warumi ni orodha ya watu aliofanya nao kazi, wanawake na wanaume. Akiwa kifungoni mwishoni alimwandikia Timotheo afanye bidii kuja upesi, amletee joho na vitabu. Mtume aliyekaribia kufa alitaka mwenzake na nguo ya baridi, na hakuona kwamba kuomba hayo ni kupungukiwa imani.

Hao wamngojeao Bwana wa Isaya 40, mstari wa 30 kabla yake unasema hata vijana watazimia na kuchoka. Mungu anajua tunachoka. Mtu aliyeishiwa, ukimwongezea mkesha juu ya mkesha, unamzika. Mpe uji, alale, kisha mwombe pamoja.

---

Nesi Magomeni

Habari za humu. Niongeze la kitaaluma kidogo, maana ninawaona hawa watumishi wakija kituoni wakiwa wamechelewa.

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilieleza uchovu wa kazi kuwa hali inayotokana na msongo wa kazi wa muda mrefu usiosimamiwa, na halikuuita ugonjwa. Likataja mambo matatu: kuishiwa nguvu, kujitenga kimawazo na kazi yako au kuichukia, na kuona hufanikishi lolote. Mengi aliyoyaeleza mwinjilisti ni hayo hayo, na kupunguza mzigo kunasaidia.

Lakini kuna wakati si mzigo tu. Kama kwa wiki mbili au zaidi, karibu kila siku, mtu amepoteza furaha hata kwa vitu alivyovipenda, hapati usingizi au analala kupita kiasi, hali chakula, anajiona hana thamani, au ameanza kuwaza kufa, hiyo inaweza kuwa sonona. Inatibika, hospitali ya wilaya watakusikiliza. Akiwaza kufa asiachwe peke yake, apelekwe siku hiyo hiyo. Pia pimeni damu, sukari na presha. Upungufu wa damu unamfanya mtu aburuze miguu miezi mizima, wenzake wakidhani ana vita vya kiroho. Kwenda hospitali hakumzuii mtu kuombewa.

---

Mlinzi wa Lango

Nesi, hilo la damu nimelipokea. Kuna mtumishi mwenzangu namfikiria hapa.

---

Mama Mchungaji, Tanga

Bwana Yesu asifiwe. Niko Makorora, Tanga, huwa nasoma tu lakini leo naandika.

Mmewataja wachungaji, wainjilisti, makatekista. Wake zao hamjawagusa. Nyumba yangu ni ofisi, ni hoteli, ni mahakama ya ndoa. Mgeni anabisha hodi saa ya chakula, sufuria ile ile inagawanywa. Wamama wa kanisa wakigombana wanakuja kwangu pande zote mbili, na nisipomuunga mkono mmoja amenuna. Mtoto wangu akikosea shuleni mahubiri yanatungwa juu yake. Hakuna aliyeniwekea mikono kwa kazi hii, hakuna posho, lakini nikikosa kwenye kikao cha wanawake naulizwa kwa nini.

Nampenda Yesu na nalipenda kanisa. Ila kuna miaka niliimba kwenye ibada huku nikiwa sisikii kitu. Kilichonirudisha ni dada mmoja wa Chumbageni, hata si wa dhehebu letu, aliyenialika kila Jumatano nyumbani kwake. Alipika, nikala chakula ambacho sikukipika mimi. Tukasoma zaburi moja, tukaomba, nikarudi. Hakuniomba ushauri hata mara moja. Wachungaji mnaosoma hapa, muulizeni mkeo leo lini mara ya mwisho mtu alimhudumia yeye.

---

Msalabani Muheza

Mama, pole sana na hongera. Sisi wa Muheza tumekulia kwenye historia ya Magila, kituo cha zamani cha misheni ya Waanglikana, na naweka moja kwa faida ya uzi. Mmisionari Mjerumani Krapf alifika kwa Kimweri, mfalme wa Wasambaa, Vuga, mwaka 1848 na tena 1852, akitaka kufungua kazi Usambara. Hakufanikiwa, na kabla ya hapo alikuwa tayari amemzika mke na mtoto Mombasa. Mwenzake Rebmann alikaa kule Rabai tangu 1846 hadi 1875, akaondoka akiwa kipofu na waumini wachache sana. Injili ilikuja kwetu kwa mikono mingine kabisa, Waanglikana wa UMCA (Misheni ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati) hapa Magila na Walutheri kule Mlalo mwaka 1891. Leo Usambara ina makanisa mengi. Hao wawili hawakuyaona.

---

Kijana wa Kwaya

Baba mwinjilisti, nimeongea na mzee wa kanisa jana jioni kuhusu ukatibu. Amesema nisubiri hadi uchaguzi mwakani. Na kwenye ukatibu ndiko liliko daftari la michango ya vijana na pesa za sare. Nifanyeje? Nikimbishia nitaonekana nimeasi.

---

Mwinjilisti Mstaafu (Bagamoyo)

Usimbishie, na usisubiri mwakani. Mwandikie barua fupi ya heshima, nakala kwa mwinjilisti wa mtaa wenu. Sema utaendelea na watoto kwa moyo wote, na unaomba apatikane wa kukaimu ukatibu ndani ya mwezi. Pendekeza jina la mtu. Ukienda bila jina watakurudishia kazi. Kama yuko binti au kijana ambaye huwa anakusaidia kuandika mahudhurio, huyo anatosha kuanzia.

Makabidhiano ya pesa yafanyike mbele ya wazee wawili. Hesabuni pamoja, kiasi kiandikwe kwenye muhtasari, wote mtie sahihi, na wewe ubaki na nakala. Ufunguo wa sanduku uutoe siku hiyo hiyo. Ukibaki nao hata kwa kusahau, kila Jumapili watakuita ukafungue, na baada ya miezi mitatu utajikuta katibu tena.

Kwaya usiiguse kwanza mpaka hili likamilike. Jumamosi nitakuwa kwenu mchana, nitakusaidia kuandika hiyo barua.